Kwa Mhispania, Nanasi Ndilo Linalokupendeza

Mwalimu, mimi ni kijana wa Unguja, natembeza wageni kwenye mashamba ya viungo huku Kizimbani. Kiingereza nakijua cha kufanyia kazi, na sasa najifunza Kihispania, kwa sababu wageni wa huko tunawapata, hasa Agosti, na wengine wao Kiingereza kinawapiga chenga. Natumia programu ya simu pamoja na kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza. Salamu, namba na majina ya matunda nimeyashika. Kinachonishinda ni kusema napenda hiki, sipendi kile. Nikisema “yo gusto el café” wananielewa, lakini wananisahihisha kila mara. Kitabu kinasema “gustar” inakwenda kinyumenyume, na kadiri ninavyoisoma ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa. Halafu juzi nilimwambia mama mmoja wa makamo “me gustas”, nikikusudia kumwambia kwamba ni mtu mzuri. Mumewe akanikazia macho, mwenyewe akacheka, nami nikabaki na aibu. Tena wapo wageni ambao ukiwaonjesha kitu wanakwambia waziwazi kwamba hawakipendi, nami sijui nijibu nini. Naomba unisaidie.

Muongoza watalii, Kizimbani

Mwanangu, barua yako imenifurahisha. Kabla hatujaendelea, itazame tena sentensi hiyo fupi: barua imenifurahisha. Iliyofanya kazi ni barua, mimi nimefikiwa tu na furaha yake. Wewe nawe umeandika “kinachonishinda”, ukaandika kwamba Kiingereza “kinawapiga chenga” wageni. Umekitanguliza kitu, ukampachika mtu katikati ya kitenzi, na hukuhitaji kitabu kukufundisha. Basi “gustar” imejengwa hivyo hivyo.

Kitabu chako hakisemi uongo, ila kimeandikiwa mtu ambaye katika lugha yake mtu ndiye anayependa na kitu ndicho kinachopendwa. Kwa mtu huyo “gustar” ni kinyume kweli. Wewe umelazimika kupita kwenye mshangao wake kabla ya kufika kwenye Kihispania, na safari hiyo hukuwa na haja nayo. Na kitenzi chetu “-penda” kimekuponza zaidi, kwa kuwa nacho kinaanza na mtu. Unataka kusema napenda kahawa: akili inatafuta “mimi”, inapata “yo”, inatafuta “napenda”, inapata “gusto”, sentensi imeshaharibika hata kahawa yenyewe hujaifikia. Mhispania akisikia “yo gusto”, anachosikia ni karibu na kwamba wewe ndiye unayependeza.

Kwa hiyo ukiingia kwenye Kihispania, “-penda” iweke kando, chukua “-pendeza”. Kahawa inanipendeza: “me gusta el café”. Hiyo “me” ni “-ni-” yetu, na “gusta” ni “inapendeza”. Najua katika mazungumzo ya kila siku chakula hatukisemi hivyo sana. Nguo ndiyo inayotupendeza, na nyumba, na tabia ya mtu. Lakini ukisema kahawa inanipendeza hakuna asiyekuelewa, na kwa kujifunza inatosha. Ukitaka mahali ambapo lugha hizi mbili zinakwenda pamoja bila kulazimishwa, nenda kwenye maumivu. Sisi tunasema kichwa kinaniuma, wao wanasema “me duele la cabeza”. Miguu inaniuma, “me duelen los pies”. Kichwa ndicho kinachouma, mimi ndiye ninayeumizwa, na kitenzi kinafuata kichwa. Kila unaposita kwenye “gustar”, jiulize ungesemaje kama kingekuwa kinakuuma, kisha badilisha neno moja tu.

Sasa wale watu wa katikati ya kitenzi. “-Ni-” ni “me”, “-ku-” ni “te”, “-m-” ni “le”, “-tu-” ni “nos”, “-wa-” ni “les”. Inanipendeza, inakupendeza, inampendeza, inatupendeza, inawapendeza. Tofauti ni kwamba Kihispania hukiandika kipande hicho mbali na kitenzi, mbele yake, kama neno linalojitegemea. Na kama “-m-” yetu isivyotenga mwanamume na mwanamke, “le” nayo haitengi. Imebaki “os”, wanayoitumia Hispania wanapozungumza na watu wengi waliozoeana nao, na hiyo ni ile yetu ya kuongeza “-ni” mwishoni: inawapendezeni? “¿Os gusta?” Nchi za Amerika zinazosema Kihispania hazitumii “os” katika mazungumzo. Huko kundi lolote, la marafiki au la wakubwa, ni “les”.

Wewe ni mtu wa kazi ya wageni, kwa hiyo “le” na “les” zishike kuliko zote, kwa kuwa ndizo za heshima. Mtu mzima usiyemjua humwiti “tú”, unamwita “usted”. Neno hilo limetokana na “vuestra merced”, maneno ya zamani ya kumtukuza mtu, mfano wa kusema fadhila yako. Ndiyo maana anayeitwa hivyo anasemeshwa kama vile unamzungumzia mtu wa tatu. “¿Le gusta la canela, señora?” Mdalasini unakupendeza, mama? Vijana wa Hispania watakwambia mara moja uwaite “tú”, na hapo utahamia “te” na “os” bila wasiwasi. Ila anza na heshima kisha ulegeze. Kuanza na ulegevu halafu kutafuta heshima ni kazi ngumu zaidi.

Kuhusu “gusta” na “gustan”, wewe umekulia kwenye ngeli, hakuna wa kukutisha. Nanasi linanipendeza, mananasi yananipendeza, kiungo kinanipendeza, viungo vinanipendeza: kwetu kitenzi kinageuka kwa kila ngeli. Mhispania ana mageuzi mawili tu. Kitu kimoja, “gusta”. Vitu vingi, “gustan”. “Me gusta la piña”, “me gustan las piñas”. Vitu viwili tofauti navyo ni vingi: “me gustan el mango y la piña”. Wanaoanza hukwama pale wanapohesabu watu badala ya vitu. Mko sita, mnapenda mdalasini, mtu anadhani wingi wa watu lazima uonekane kwenye kitenzi. Wingi wenu umeshaonekana kwenye “nos”. Mdalasini ni mmoja, kwa hiyo ni “nos gusta la canela”.

Ukipenda kufanya jambo, badala ya kitu, weka kitenzi katika umbo lake la msingi, kama sisi tunavyoweka “ku-”. Kuimba kunanipendeza, “me gusta cantar”. Na utazame hili: kuimba na kucheza kunanipendeza, mambo mawili lakini “ku-” haikugeuka. Kwao pia haigeuki, “me gusta cantar y bailar”, siyo “gustan”. Sijui kanuni nyingine ambayo mwanafunzi anayesema Kiswahili anaipata kwa urahisi kiasi hiki.

Ukimtaja mtu kwa jina au kwa cheo, tanguliza “a”, na ile “le” usiiache. “A mi padre le gusta el café.” Wanafunzi wengi huitupa “le” wakiona baba ameshatajwa, kwa hiyo ya nini kumrudia? Lakini hata wewe husemi “baba miguu inauma” ukanyamaza. Unasema “baba miguu inamuuma”. Baba ametajwa na bado “-m-” ipo. Nafsi yako nayo unaweza kuitilia mkazo kwa namna hiyo: “a mí me gusta”, mimi inanipendeza, mwingine shauri yake. Hiyo “mí” huandikwa na alama juu ya i, “ti” haina.

Kuna jambo moja ambalo Kiswahili hakitakusaidia, nalo ni “el”, “la”, “los” na “las”. Sisi hatuna vineno hivyo, na ndiyo maana Waswahili huviacha. “Me gusta café” ni kosa ambalo sikio la Mhispania hulinasa papo hapo. Kitu unachokipenda au kukichukia kwa jumla lazima kipewe kineno chake, kwa hiyo unapojifunza jina jifunze nacho pamoja, usijifunze “clavo” ukasema “el” utaitafuta baadaye. Kwa shamba lako: “el clavo” ni karafuu, na neno hilo hilo ni msumari. “La canela” ni mdalasini, “el cardamomo” iliki, “la nuez moscada” kungumanga, “el jengibre” tangawizi, “la cúrcuma” manjano, “la pimienta” pilipili manga, “la vainilla” vanila. Matamshi hayatakusumbua sana. Vokali zao ni tano kama zetu, zinasomwa kama zetu. Neno likiishia kwa vokali, kwa n au kwa s, mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama tulivyozoea, isipokuwa pale alama ya juu inapouhamisha, mfano “café”. “Ñ” ni “ny” ya nyanya. “J” iko karibu na “kh” ya Khamis, kwa hiyo “jengibre” lianze kooni.

Sasa aibu yako. “Me gustas” umeijenga vizuri kabisa: wewe unanipendeza. Tatizo ni kwamba mtu anapowekwa mahali pa nanasi, maana inahama. Kumwambia mtu “me gustas” ni kumwambia amekuvutia kimapenzi, na yule mume alikuwa na haki ya kukukazia macho. Mtu mzuri, mnayeelewana naye, husemwa “me cae bien”, na wengi “me caen bien”. Ujenzi ni ule ule, “me” mbele na kitenzi kinamfuata yeye. Lakini hata hiyo husemwa zaidi kuhusu mtu asiyekuwepo. Mama kama yule mwambie “es usted muy amable”, wewe ni mkarimu sana, imetosha. Likikutokea tena omba radhi kwa neno moja, “perdón”, uendelee na mti unaofuata.

Na usikimbilie “amo”. Kwa Kiswahili “napenda” inabeba kila kitu, mke, mama, soka, ugali. Kihispania kimegawa mzigo huo. “Te quiero” ni ya wapenzi, na pia ya wazazi, watoto na marafiki wa karibu. “Te amo” ni nzito zaidi. “Quiero café” si napenda kahawa, ni nataka kahawa. Ukimwambia mgeni “amo el clavo” atakuelewa, ila utakuwa umeitia karafuu mapenzi makubwa mno. Ikiwa kitu kimekukolea kweli, neno lake ni “me encanta”. Hilo tayari limefika kileleni, kwa hiyo usiliongezee “mucho”. Chini yake kuna “me gusta muchísimo”, kisha “me gusta mucho”, kisha “me gusta” peke yake. Jaribu kuyatumia yote, maana anayesema “me encanta” kwa kila mti haaminiki akifika kwenye ule anaoupenda kweli.

Tuje kwenye kutopenda, kwa kuwa naona hapo pamekugusa zaidi kuliko unavyosema. Kikanushi ni “no”, na hukaa mbele ya “me”: “no me gusta”. Ukitaka kupunguza makali, “no me gusta mucho”. Ukitaka kuyazidisha, “no me gusta nada”, hakinipendezi hata kidogo. Kuna na “no me convence”, hakijanikolea, ambayo ni ya adabu na hukuachia nafasi ya kubadili mawazo. “Odio” ni nachukia, na “me da asco” ni kinanitia kinyaa. Hizo mbili zijue ili uzielewe ukizisikia, lakini usizitamke mbele ya chakula cha mtu.

Sisi tumelelewa kwamba chakula ulichokaribishwa hukisemi. Kama hukitaki unasema umeshiba, au unaonja kidogo ukashukuru. Kwa hiyo mgeni akinusa doriani akasema “no me gusta”, wewe unaisikia kama imeelekezwa kwako, kwa mwenye shamba, na kwa bibi aliyeupanda mti. Yeye amekupa habari ya ulimi wake, basi. Mhispania anayekwambia hapendi kitu mara nyingi anakufungulia mazungumzo, anangoja umwambie wewe unakionaje. Usimbembeleze aonje tena, na wala usinywee. Mjibu.

Kujibu kwenyewe kuna utaratibu mzuri. Akisema “me gusta el mango” nawe unalipenda embe, sema “a mí también”. Siyo “yo también”, kwa sababu wewe si mtendaji, ni mtu ambaye embe linampendeza. Akisema “no me gusta” nawe hulipendi, “a mí tampoco”. Akikataa nawe unapenda, “a mí sí”, na akipenda nawe hupendi, “a mí no”. Kwa hiyo kwa yule wa doriani: “¿No le gusta? A mí sí, me encanta.” Umesema lako bila kumpinga, na unaweza kumuuliza ni nini hasa kimemkera, ladha au harufu, “¿el sabor o el olor?” Wengi watasema “el olor”, na hapo una hadithi ya kumsimulia. Halafu mpe kingine: “¿Qué le gusta más, la piña o el mango?”

Kuuliza kama mtu anapenda juisi na kumuuliza kama anataka juisi sasa hivi ni mambo mawili. La pili kila nchi ina neno lake, na yote yamejengwa kwa mtindo ule ule wa “-ni-” na “-ku-”. Mtu wa Hispania utamuuliza “¿Le apetece un zumo?” Wa Kolombia au Venezuela, “¿Le provoca un jugo?” Wa Meksiko, “¿Se le antoja un jugo?” Juisi yenyewe umeona ni “zumo” kwa Wahispania na “jugo” ng’ambo ya Atlantiki. Kwa Wakuba kuwa na tahadhari na papai: wengi huko huliita “fruta bomba”, kwa kuwa “papaya” limechukua maana ya matusi. Nawe ukitaka kuomba jambo kwa upole, ile “ningependa” yetu ni “me gustaría”. “Me gustaría enseñarles una cosa”, ningependa kuwaonyesha kitu.

Kwa mazoezi, shamba unalo, huna haja ya darasa jingine. Kabla wageni hawajafika, pita njia yako ya kawaida, na kwenye kila mti sema sentensi mbili kwa sauti, moja ya kitu kimoja na moja ya vingi, kisha mtaje mtu wa nyumbani kwenu ambaye hakipendi: “A mi hermana no le gusta el jengibre.” Sema kwa sauti, maana kosa lako la “yo gusto” lipo mdomoni, na mdomo ndio utakaolitoa. Jioni sikiliza wimbo wa Manu Chao wa mwaka 2001 uitwao “Me gustas tú”. Mwimbaji anaorodhesha vitu anavyovipenda, polepole na kwa kurudia. Pale anaposema “gustan” badala ya “gusta”, tafuta ni kitu gani kimembadilisha.

Limebaki swali la kuagana, ambalo hukuniuliza lakini utalihitaji kila siku. Wageni wakimaliza matembezi, usiwaulize “¿Les gusta?”, kwa sababu jambo limekwisha pita. Kwa Wahispania, jambo la siku hiyo hiyo ni “¿Les ha gustado?” Kwa wa Meksiko, Kolombia au Ajentina ni “¿Les gustó?” Ukiwauliza kuhusu viungo, kumbuka ni vingi: “¿Les han gustado las especias?” Wakikujibu “nos ha encantado”, jibu lako ni “me alegro mucho”, nimefurahi sana. Na kesho yake wanapokwenda Jozani kuwaona kima punju, waambie “les va a gustar”, patawapendeza.